Kutoka koo hadi ukoo: kisa cha mvulana wa Mombasa aliyeandamwa na nimonia

Kisa hiki, cha ugonjwa wa kurithi wa kinga ya mwili, kinaandikwa kwa ridhaa ya wazazi wa mtoto. Majina, mitaa na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa ugonjwa wenyewe yamebadilishwa ili familia isitambulike. Nawaandikia hasa wenzangu wa wodi za watoto, matabibu wa zahanati na wauguzi wa kliniki za chanjo, ingawa mzazi anayejiuliza kwa nini mwanawe hapumziki na maradhi ataona humu mambo yanayomhusu.

Usuli

Mtoto ni mvulana. Tulipompokea alikuwa na miaka 4 na miezi 3, mzaliwa wa kwanza, na nyuma yake dada wa mwaka mmoja na nusu aliye mzima. Baba amemuoa binti wa ami yake, jambo la kawaida katika familia nyingi za Mji wa Kale na kwingineko pwani. Alizaliwa salama akiwa na kilo 3.1, akanyonya vizuri, na chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote zimejazwa kijitabuni. Hadi anatimiza miezi 6 hakuijua hospitali ila kwa siku za chanjo na mizani.

Mwezi wa 7 akashikwa na nimonia ya kwanza, akalazwa siku 6. Kuanzia hapo mambo yalifuatana. Masikio yote mawili yakaanza kutoa usaha, yakikauka wiki mbili yakianza tena. Akalazwa tena kwa nimonia akiwa na mwaka 1 na miezi 4. Mwaka wa pili akaharisha wiki 6 mfululizo, choo kikapimwa, kikaonyesha vijidudu vya giardia. Alipokuwa na miaka 2 na nusu picha ya kifua ilionyesha kivuli upande wa kulia, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu, akazimaliza miezi 6 yote, na kivuli kikabaki palepale. Mwaka wa tatu goti la kulia likavimba, likapasuliwa, likatolewa usaha. Mara tatu alipimwa virusi vya UKIMWI kwa kipimo cha haraka cha kidole, na mara tatu majibu yakawa hana.

Yote haya yalitokea katika vituo vinne tofauti. Kila kituo kiliufungulia ugonjwa ukurasa mpya, kikautibu, tena vizuri tu, kikamruhusu. Kwenye faili moja, mahali pa historia ya magonjwa ya familia, kuna neno moja: "Hakuna." Nitalirudia neno hilo.

Nyumbani nako watu hawakukaa bure. Jirani alisema ni zongo, yaani kijicho cha watu, akafanyiwa kombe, akanyweshwa maji yaliyooshea maandishi ya aya. Mzee mmoja alishauri akatwe kilimi ili kikohozi kikome, na mamake akakataa katakata, jambo ninalomshukuru hadi leo. Maelezo yaliyokuwa na nguvu zaidi, hata kwa madaktari, yalikuwa ya ndoa yenyewe: damu kwa damu, mtoto wa ami kwa mtoto wa ami, basi watoto hawawezi kutoka salama.

Usiku wa kwanza wodini

Aliletwa wakati wa masika, saa mbili usiku, akipumua mara 52 kwa dakika, joto nyuzi 39.4, oksijeni ya damu asilimia 88. Uzito kilo 12.1. Alikuwa mtoto mwerevu, anayejua hospitali kuliko watoto wanavyopaswa kuijua. Muuguzi alipochukua mpira wa kufungia mkono, aliunyoosha mwenyewe.

Tulimpa oksijeni na dawa za mshipani kama tunavyompa mtoto yeyote mwenye nimonia kali. Asubuhi, homa ilipopungua, nikampima upya kutoka kichwani hadi miguuni bila haraka. Masikio yalikuwa na usaha mbichi. Nikapapasa shingo chini ya taya nikitafuta tezi, kwa sababu mtoto anayetokwa na usaha masikioni kwa miaka mitatu shingo yake huwa na vifundo kama punje za mbaazi. Sikugusa hata kimoja.

Nikamwambia afungue kinywa. Nikaukandamiza ulimi kwa kijiti, nikamulika tochi. Kilimi kipo katikati, chekundu kidogo. Pembeni, kulia na kushoto, pale mahali pa zile tezi mbili ambazo zikivimba watu husema mtoto ana mafindofindo, palikuwa patupu, panateleza kama ndani ya kombe la chaza. Nikamuuliza mamake kama mtoto amewahi kupasuliwa koo. Akasema hajawahi kabisa. Nikamulika tena, nikamwita mwenzangu naye aangalie.

Katika umri wa miaka 4 mafindo ya mtoto huwa yako karibu na ukubwa wake wa juu kabisa. Sehemu kubwa ya nyama yake ni makao ya seli B, chembe nyeupe ambazo ndizo zinazogeuka viwanda vya kingamwili, zile protini za damu zinazopambana na vijidudu. Ikiwa mtoto anaugua kila mara na mafindo hayapo, huenda seli zenyewe hazipo.

Karatasi ya nasaba

Siku ya tatu alikuja bibi mzaa mama, na ndipo kisa kilipofunguka. Nilikuwa nimegeuza fomu kuukuu upande wa nyuma, nimeshachora mraba wa baba na duara la mama, na mstari wa pili kati yao kuonyesha kwamba ni jamaa. Nikamkaribisha bibi kiti, tukajuliana hali, nikamwambia: "Bibi, nataka unihesabie watoto wote uliozaa, waliopo na waliotangulia."

Alinyamaza, akatoa mkono ndani ya buibui, akaanza kuhesabu kwa vidole. Sita. Wa kike watatu, wote hai. Wa kiume watatu. Wa kwanza wao alikufa kabla hajatimia mwaka, kwa kichomi. Wa pili ni huyu mjomba wao wa bandarini, mzima, hajawahi hata kulazwa. Wa tatu aliugua masikio, akaja akashikwa na homa ya uti wa mgongo, akafa akiwa na miaka miwili na miezi. Kisha akasema maneno ambayo mwenzangu aliyaandika neno kwa neno: "Kwetu wana waume ndio hawakai, daktari. Hata mamangu alizika mmoja."

Nilimuuliza kama amewahi kumweleza hayo mtu yeyote hospitalini. Akasema: "Sijaulizwa." Na mama mwenyewe? Alijua kwamba alikuwa na kaka waliokufa, lakini alikuwa mdogo, na alipoulizwa "kuna ugonjwa wowote wa ukoo?" alifikiria kisukari, presha na selimundu. Hakukuwa na hata kimoja. Akajibu hakuna, na alijibu kweli kwa swali alilopewa.

Nikajaza miraba iliyokufa kwa wino. Ilipokwisha, karatasi ilisomeka yenyewe: wagonjwa wote ni wa kiume, na wote wameunganishwa kupitia wanawake walio wazima. Upande wa baba hakukuwa na doa hata moja.

Namna hiyo ya kurithi ina maana yake. Jeni, yale maagizo ya urithi, hubebwa kwenye nyuzi ndani ya seli ziitwazo kromosomu. Mwanamke ana kromosomu mbili za X, mwanamume ana X moja na Y moja. Mtoto wa kiume hupata X yake kwa mama tu. Baba humpa Y. Jeni ikiwa na hitilafu kwenye X moja ya mama, ile nyingine humfunika, haugui. Mwanawe wa kiume akiichukua ile yenye hitilafu hana ya kumfunika. Kila mimba ya mtoto wa kiume ni nusu kwa nusu, ndiyo maana mjomba wa bandarini alitoka salama katikati ya ndugu wawili waliokufa. Na uzima wake ndio uliowapoteza watu; kila aliyetaka kushuku urithi alionyeshwa yeye.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuanzia na kilichopo. Kabla ya kuomba kipimo chochote cha bei nilirudi kwenye makaratasi ya zamani. Mamake alikuwa nayo yote kwenye mfuko wa plastiki, yamekunjwa kwa mpangilio wa miaka. Miaka miwili nyuma, wakati wa kuharisha, mtu alikuwa ameomba vipimo vya ini: protini yote gramu 51 kwa lita, albumini 38. Ukitoa, hubaki 13. Hiyo 13 ndiyo globulini, na ndani yake ndimo zilimo kingamwili. Kwa kawaida huwa 20 au zaidi. Namba zote mbili ziliandikwa kwenye karatasi moja, mstari mmoja juu ya mwingine, na hakuna aliyetoa moja kwa nyingine. Hesabu hiyo haigharimu chochote, nami nakiri kwamba kabla ya kisa hiki sikuwa na mazoea ya kuifanya.

Wa pili ulikuwa kuhusu fedha. Familia ilikuwa na akiba ya kipimo kimoja kikubwa, labda viwili. Tulichagua kupima kiasi cha kingamwili na kuhesabu aina za seli za kinga, tukaacha kipimo cha jeni kisubiri. Sababu ilikuwa wazi: kingamwili zikikosekana na seli B zikikosekana, matibabu ni yaleyale jeni ijulikane au isijulikane. Majibu yalirudi baada ya siku 9. Kingamwili za IgG zilikuwa gramu 0.7 kwa lita, ilhali mtoto wa umri wake hutarajiwa kuwa na 5 na zaidi. IgA na IgM, aina nyingine za kingamwili, hazikusomeka kabisa. Seli B zilikuwa chini ya asilimia 1. Seli T, kundi jingine la seli za kinga, zilikuwa za kutosha, na hiyo ilikuwa habari njema katikati ya mbaya.

Sampuli ya kuhesabu seli ilitupa funzo lake. Ya kwanza ilichukuliwa Ijumaa mchana, ikalala hadi Jumatatu, ikafika Nairobi seli zimekufa. Damu ya kipimo hiki haigandishwi, inakaa kwenye joto la kawaida la chumba, na inatakiwa isomwe ndani ya siku moja au mbili. Tangu hapo tunaichukua Jumatatu au Jumanne asubuhi, ikasafiri siku hiyohiyo.

Uamuzi wa tatu: kabla hajapewa kingamwili za watu wengine, tulipima upya virusi vya UKIMWI na homa ya ini kwa vipimo vinavyotafuta virusi vyenyewe. Naomba msomaji asimame hapa. Kipimo cha haraka cha kidole hutafuta kingamwili za mgonjwa dhidi ya virusi. Mtoto huyu hakuwa na kingamwili za kitu chochote. Majibu yale matatu ya "hana" hayakuwa na maana yoyote, na hata kama angekuwa na virusi, yangesema vilevile. Ukishampa imunoglobulini, yaani dawa ya kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya wachangiaji, mambo hugeuka: vipimo vya kingamwili vinaweza kuonyesha kile alichonacho mchangiaji wa damu. Kwa bahati hakuwa na virusi.

Wa nne ulikuwa dozi. Kinachopendekezwa ni gramu 0.4 hadi 0.6 kwa kila kilo, kila baada ya wiki 3 au 4. Kwa kilo 12 hiyo ni kati ya gramu 4.8 na 7.2. Kichupa kilichopatikana kilikuwa cha gramu 5, na kichupa kikifunguliwa hakihifadhiwi. Tulichagua gramu 5 kila wiki 4, tukijua ni karibu na ukingo wa chini, kwa sababu dozi ndogo inayopatikana kila mwezi ilikuwa bora kuliko kubwa ambayo familia ingeimudu mara mbili kisha ikaacha. Dawa hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwamo orodhani na kuwamo kabatini ni mambo mawili.

Wa tano ulitoka kwa bibi. Siku tuliyokuwa tunapanga dozi aliuliza: "Na huyu binti yangu mwengine, ana mimba ya miezi mitano. Yeye je?" Hapo ndipo kipimo cha jeni kilipata kazi. Mtoto wetu hakukihitaji ili atibiwe, lakini mama yake mdogo alikihitaji ili ajulikane kama ni mbebaji, yaani mwenye hitilafu bila kuugua. Ndugu walichanga, mjomba akatoa sehemu kubwa, damu ikapelekwa nje ya nchi. Baada ya wiki 11 jibu likaja: hitilafu katika jeni ya BTK. Mama wa mtoto anayo. Mama mdogo mwenye mimba naye anayo.

BTK ni jeni iliyoko kwenye kromosomu ya X, na protini yake ndiyo inayoipa seli B changa ndani ya uboho amri ya kuendelea kukua. Isipokuwepo, seli hukwama njiani. Ugonjwa wenyewe, uitwao agamaglobulinemia ya kromosomu X, ulielezwa mwaka 1952 na Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani, kwa mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akiugua mara kwa mara. Jeni ikagunduliwa mwaka 1993, ikapewa herufi ya kwanza ya jina lake. Yule mvulana alitibiwa kwa sindano za kingamwili za watu wengine, nasi zaidi ya miaka 70 baadaye bado twafanya jambo hilohilo.

Pale nilipokosea mimi

Siku ya majibu ya jeni nilikuwa na haraka. Nilikutana na wazazi ukumbini, nje ya wodi, nao wamefuatana na mamake baba na shangazi mmoja. Waliniuliza, nikajibu: "Tumeujua ugonjwa. Unatoka upande wa mama." Nilidhani nimeleta faraja, kwamba ile hadithi ya damu kwa damu imekufa. Mamake baba akasema polepole: "Kumbe ni kwao."

Sikuelewa uzito wake hadi wiki mbili baadaye, mtoto alipoletwa na baba peke yake. Kwa kuwa wazazi ni watoto wa ndugu wawili, "kwao" haikuweza kuwa upande wa wale ndugu, maana huo ni wa wote. Ilibaki bibi, aliyeolewa kutoka ukoo mwingine. Lawama zote zilimwangukia yeye na mabinti zake. Mama wa mtoto alikuwa amerudi kwa wazazi wake, na dozi ya mwezi ule ilitolewa bila yeye kuwepo.

Tulichofanya ni kuomba kikao cha pili, mara hii ndani ya chumba, kwa miadi, wazazi wote wawili, bibi, na yule mamake baba. Nilianza kwa kuomba radhi kwa namna nilivyosema. Kisha nikajaribu kueleza kromosomu, nikaona nyuso hazifunguki. Bibi ndiye aliyenisaidia. Alisema: "Yaani ni kama leso." Mwanamke ana leso jozi, akazishika mbili mkononi. Moja ina tundu, nyingine nzima. Akijitanda zote mbili tundu halionekani, na mwenyewe hajui lipo. Mwanamume ana leso moja na kikoi kimoja. Mama anapompa mtoto leso, anatoa gizani, hajui ipi. Binti atapata leso ya mama na leso ya baba, atafunikwa. Mwana wa kiume atapata leso ya mama na kikoi cha baba, na kikoi hakizibi tundu la leso.

Sijawahi kusikia maelezo bora ya urithi wa kromosomu ya X, nami huyatumia hadi leo. Niliongeza moja tu: tundu hilo laweza kutokea jipya kwa mtu yeyote, na karibu nusu ya watoto wenye ugonjwa huu hawana historia yoyote katika familia. Mamake baba aliuliza maswali mawili kuhusu mjukuu, akanyamaza. Mama wa mtoto alirudi nyumbani kwake mwezi uliofuata. Siwezi kusema ni kikao pekee kilichomrudisha.

Matokeo

Imepita miaka miwili. Mtoto ana kilo 17.2, anasoma, na dozi imepandishwa kufuata uzito. Amelazwa mara moja tu tangu aanze dawa, na mara hiyo tuliijua sababu: shehena ilichelewa, akakaa wiki 7 bila dozi. IgG huisha nusu yake katika muda wa wiki 3 hivi, kwa hiyo ile ya kuazimwa ilikuwa imebaki kidogo sana. Nimonia ikaingia siku ya 46.

Yaliyoharibika hayakurudi. Picha ya CT ilionyesha mirija ya pafu la kulia, sehemu ya chini, imepanuka kabisa. Anafanyishwa mazoezi ya kutoa makohozi kila asubuhi, na hilo ni la maisha. Sikio la kushoto linasikia kwa shida.

Mama mdogo alijifungua mtoto wa kiume. Tulikuwa tumejiandaa. Kumpima mtoto mchanga kiasi cha IgG hakusaidii, maana ile aliyonayo ni ya mamake aliyopewa kupitia kondo, na ndiyo iliyomlinda binamu yake hadi miezi 6. Tulihesabu seli B: hakuwa nazo. Matone ya polio hakupewa, kwa sababu ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa asiye na kingamwili vinaweza kuishi utumboni miezi na kumpoozesha. Akaanza imunoglobulini alipotimia miezi 3. Sasa ana miezi 20, hajalazwa hata siku moja. Ninapomwekea tochi kooni nakuta pale pale patupu, lakini mapafu yake ni mazima.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilikuwa tochi, hesabu ya kutoa, na bibi aliyeulizwa swali sahihi. Vipimo vikubwa vilithibitisha tu. Ukiuliza "kuna ugonjwa wa ukoo?" utajibiwa hakuna, kwa sababu ugonjwa huu haukuwa na jina katika ukoo ule, ulikuwa kichomi kwa mmoja, homa ya uti wa mgongo kwa mwingine. Uliza badala yake: watoto wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, wa kiume au wa kike, wa upande gani. Na muulize aliyezaa, asijibiwe na mwanawe.

Ndoa ya jamaa ilitupoteza sote. Pwani watu wanaijua selimundu, na wanajua kwamba inahitaji baba na mama wote wawili wabebe. Yapo magonjwa ya kinga yanayofuata njia hiyohiyo, na kwa hayo ndoa za jamaa huongeza hatari kweli. Lakini kwa jeni iliyoko kwenye X, ami na binamu hawana lao. Mtoto huyu angezaliwa na ugonjwa uleule hata kama mamake angeolewa na mgeni kutoka ng'ambo ya bahari. Tulipoona ndoa, tuliacha kutafuta.

Baada ya kikao, mjomba wa bandarini alinijia peke yake. Binti yake ana pumu; je, ndiyo hiyo hiyo? Nilimweleza kwamba yeye alipata leso nzima, kwa hiyo hana tundu la kumrithisha mtu. Pumu ni habari nyingine. Magonjwa ya kinga yanayotokana na jeni moja iliyoharibika yanajulikana zaidi ya 450, na kila moja ni nadra. Pumu, kisukari cha utotoni au lupasi (kinga inapoushambulia mwili wenyewe) hazina jeni moja ya kulaumiwa. Zipo nyingi, kila moja ikisukuma kidogo, pamoja na mazingira. Hata mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja aweza kuwa na kisukari hicho na mwenzake asiwe nacho. Kutofautisha haya mawili mbele ya familia ni kazi ya tabibu, la sivyo kila mafua yatasomwa kama laana ya ukoo.

Yaliyoshindikana ni mawili ukiacha kosa langu la ukumbini. Upatikanaji wa dawa bado unategemea meli, forodha na mfuko wa baba. Na kampeni ya polio ya nyumba kwa nyumba ilipopita, dada mdogo alipewa matone, nasi hatukuwa tumewaonya wazazi kwamba virusi hivyo hutoka kwenye choo cha aliyepewa na vinaweza kumfikia kaka yake. Hakuna baya lililotokea. Sasa kuna barua ndani ya kijitabu cha kila mtoto wa nyumba zile mbili, na mama huionyesha mlangoni.

Dada huyo anaweza kuwa mbebaji. Hatukumpima. Haugui, na jibu hilo litamhusu atakapokuwa mtu mzima, aamue mwenyewe kama anataka kulijua.

Amebaki binti wa tatu wa bibi, wa mwisho. Ana posa. Alikuja kliniki mara moja, akaketi pembeni wakati mpwa wake anatundikiwa dawa, akaniuliza kama majibu yake yatalazimika kuonyeshwa upande wa mchumba. Nilimwambia ni yake, atamfungulia anayemtaka yeye. Akasema atafikiria. Fomu yake imo mezani kwangu, imejazwa jina tu.